Mradi wa Babu, mwezi wa nne: mihuri minane

Mwezi huu kazi imeenda mbele kuliko nilivyotegemea ila imenigusa sana, acha niandike leo leo kabla sijasahau. Kwa asiyejua, nakusanya maisha ya babu mzaa baba, alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika) kwenye vita ya Bama, yaani Burma, vita ya pili ya dunia, akarudi akawa karani wa posta kwenye miji ya reli ya kati mpaka anastaafu 1977, na katikati ya hayo yote akalea nyumba nzima iliyotuzaa sisi. Alivyoviacha vimo kwenye sanduku moja la bati chini ya kitanda cha bibi, Tabora.

Nilianza na vita. Medali yake, Nyota ya Bama, ipo, ya shaba, ncha 6, utepe mwekundu katikati na bluu huku na huku. Nilijua nyuma nitakuta namba yake ya jeshi, nikageuza, tupu kabisa. Kumbe nyota za vita ya pili Waingereza walizitoa bila kuchonga jina, siyo kama medali za vita ya kwanza. Ila kulikuwa na beji ya kitambaa yenye kifaru, hiyo ndo imenipa njia, maana kifaru ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliopita Bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua za kule, matope mpaka magari yanashindwa, malaria, vidonge vinavyofanya ngozi iwe ya njano, hadi wakauchukua mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba.

Shangazi mkubwa (ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake) kanisimulia kwenye simu: “Baba, mzee alikuwa akisema mchele ulishuka na miavuli kutoka kwenye ndege, na siku gunia la barua likishuka nalo watu wanauacha mchele.” Kusoma alijifunzia hukohuko jeshini, basi akawa anawasomea wenzake barua za nyumbani, za mke kajifungua, za ng'ombe kafa, za mama hayupo tena, zote zinapita kwenye mdomo wake. Mi naamini posta ilimwingia pale, siyo siku aliyoajiriwa.

Sasa daftari lake la humo sandukuni. Lina kava gumu na pini zimeshika kutu, nikazitoa moja moja. Picha yake ya harusi tayari niliipoteza, niliipeleka steshenari moja wakailamineti bila kuniuliza, ikaungua kona na haitoki tena, kwa hiyo kama una karatasi za wazee usikubali lamineti hata kidogo, skani tu. Hili nimeskani mwenyewe, kwa ubora wa dipiai 600, bila mwanga wa flashi, nikaongeza kontrasti kwenye kompyuta taratibu mpaka wino uliogeuka kahawia ukaanza kusomeka.

Ni mihuri ya posta. Karani asubuhi akishabadilisha tarehe kwenye muhuri lazima aujaribu kwanza kwenye karatasi aone kama umekaa sawa, na babu kila mtoto alipozaliwa alikuja na daftari lake kazini akagonga mmoja humo. Duara safi kabisa, jina la mji juu, tarehe katikati, pembeni jina la mtoto kwa kalamu ya wino. Tabora, Kigoma, Dodoma, Kilosa, unaona kabisa familia inavyohama na uhamisho wake wa kazi. Mmoja ni wa Jumatatu na kaandika “jana usiku”, maana Jumapili posta imefungwa.

Baba yangu miaka yote karatasi zake zinasema 1 Januari, kama wengi wa rika lake. Daftari linasema Dodoma, 19 Agosti 1959. Nilimwonyesha, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, akaniambia nimpigie dada yake.

Halafu nikahesabu. Watoto ni saba, mihuri ni minane. Wa Kigoma mmoja hauna jina, kuna mstari mfupi tu wa kalamu. Nilikaa siku tatu nikidhani ni makosa ya kugonga mara mbili, lakini tarehe haifanani na nyingine yoyote. Nikamuuliza bibi, akalishika daftari akakaa kimya muda.

“Mume wangu, huyo ni mtoto wa kike. Aliishi siku tano, hata ya saba hakufika, tulikuwa hatujampa jina.”

Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kusikia, hata shangazi mkubwa. Bibi hakulia, aliweka kidole juu ya duara akakiacha hapo.

Mti wa ukoo nilikuwa nishauchora na saba, nimeufuta nimechora upya. Kwenye nafasi ya huyu shangazi nimeweka muhuri wenyewe, Kigoma na tarehe, bila kuongeza kitu. Kinachofuata ni safari, bibi anasema miguu ikimpa nafuu tupande treni wote, mahali alipolala mtoto huyo anapajua.