Kinu cha Jumapili

Kamwene wanyalukolo, ndugu zangu wote wa Iringa, na wengine wote mlioko huku Ujerumani na mnaopanga kuja. Leo naandika ndefu, mwenye haraka apite atarudi baadaye.

Ilianza na barua 2 ndani ya wiki moja. Ya kwanza niliikuta imebandikwa mlangoni kwangu kwa selotepu, imeandikwa kwa mkono, mwandiko ule mzuri wa wazee waliosoma zamani. Jumapili ni siku ya kupumzika, tafadhali acha kugonga gonga, hapa ni Ujerumani. Jina hakuna. Nimeisoma pale pale ngazini, nimetoka shifti ya usiku, miguu inawaka moto. Kuambiwa napiga kelele hakukuniuma, kelele ni kweli, nilikuwa natwanga karanga na huku Jumapili hata kutoboa ukuta na drili hairuhusiwi. Kilichoniuma ni ile "hapa ni Ujerumani". Kwani mi sijui niko wapi? Nimesoma kijerumani Dar miezi 11 nalala kwa shangazi Mbagala, nimefeli mtihani nikarudia, nimefika hapa Bremen nikasomea uuguzi miaka 3, nawaogesha wazee wao na kuwalisha na kuwafunga macho wakifa, alafu mtu ananikumbusha niko wapi kwa sababu ya kinu.

Ya pili ilitoka kwa mwenye nyumba. Hesabu ya hita ya mwaka mzima, kwamba nilichokuwa nalipa kila mwezi hakikutosha, niongeze euro 640. Mia sita na arobaini jamani. Piga mwenyewe kwa shilingi alafu uniambie ni kodi ya chumba na sebule Kihesa pale Iringa miezi mingapi. Mi nimekulia Iringa, baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 naijua, tulikuwa tunaota jiko la mkaa tukimaliza tunajifunika blanketi 2 tunalala, asubuhi hakuna mtu anakuletea karatasi. Na zile hela zilikuwa na kazi yake, mtoto wangu anaanza darasa la kwanza Januari.

Sasa siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kufagia ngazi, maana jengo letu tunapokezana kila nyumba na wiki yake. Bili nimeitia mfukoni. Nimefika ghorofa ya 2 nikakaa chini nikaisoma tena, machozi yakaanza kutoka tu yenyewe. Bibi wa ghorofa ya 3 akawa anashuka na mfuko wake wa chupa za kurudisha dukani. Huyu bibi tumepishana miaka 2, yeye "siku njema", mimi "siku njema", basi, hakuna lingine. Akasimama. Akaniuliza, umefiwa? Nikamnyooshea ile karatasi kwa sababu sikuwa na sauti. Akavaa miwani, akaisoma amesimama vile vile, akageuza nyuma, akarudi mbele. Akasema hii imekosewa, njoo ndani.

Nataka muelewe, huku mtu kukwambia njoo ndani sio kama kwetu. Kwetu mtu anapita tu kuomba kiberiti anaondoka ameshakula. Hapa nimekaa miaka 5 na milango ya Wajerumani niliyoingia kama mgeni, sio kama mhudumu, ilikuwa 2.

Akachemsha chai, ile ya rangi nzito wanayopenda watu wa pande hizi za kaskazini. Anaweka kwanza kikombeni donge la sukari kama jiwe, alafu anamimina chai ya moto juu yake na lile donge linalia, tik, tik, linapasuka pasuka. Anakaa kimya analisikiliza mpaka liishe. Nikamwambia nyumbani kwetu chai inalimwa, Mufindi, ukipita njia ya Mafinga kuelekea Mbeya ukiingia kushoto unakuta milima yote imekatwa sawa kijani. Akaniangalia kama ndio ananiona mara ya kwanza. Akasema, na mimi sio wa hapa.

Nikadhani anatania, maana ni bibi mweupe kabisa, mwalimu mstaafu, miaka 86. Akaanza kunisimulia huku anapiga mistari kwenye bili yangu kwa penseli. Alizaliwa Prussia Mashariki, sehemu ambayo leo Ujerumani haipo tena pale, karibu yote ni Poland na Urusi. Januari 1945 jeshi la Wasovieti linakuja, ana miaka 5, mama yake akawapakia kwenye mkokoteni wa farasi wakakimbia na wenzao, na njia iliyobaki ilikuwa kupita juu ya maji ya bahari yaliyoganda barafu. Mikokoteni mingine ilizama na watu wake mbele ya macho yake. Anasema anachokumbuka zaidi ni mama yake anamziba masikio, sio macho, masikio. Watu kama milioni 12 walihama hivyo au wakafukuzwa huko mashariki vita ilipokuwa inaisha na baada yake. Yeye mwenyewe akasema bila mimi kumuuliza, lakini vita ile tulianza sisi, usinionee huruma sana.

Wakafikia kijijini huku kaskazini, serikali ikawagawa kwa wakulima kwa lazima, chumba kimoja watu 6. Wajerumani kwa Wajerumani wenzao, lugha moja, ngozi moja, na bado waliitwa majina mabaya, waliambiwa mnanuka. Mama yake alipopika supu ya bitiruti, chakula cha kwao, mwenye nyumba akamtoa nje na sufuria yake akapike uani kwenye theluji. Akamwambia, hapa sio kwenu.

Hapo akaweka penseli chini. Akakaa hivi. Akasema, ile barua ya mlangoni kwako niliandika mimi.

Wenzangu, sikujua nifanye nini na uso wangu. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Aliniuliza tu, ulikuwa unagonga nini? Na kwa sababu ameshaniambia ya mama yake na sufuria kwenye theluji, na mimi nikamwambia ukweli ambao hata kazini hawaujui. Kwamba nina mtoto wa kiume miaka 6, nilimwacha kwa mama yangu kule Ipogolo, Iringa, akiwa na mwaka na miezi 5 tu, amenijua kwa simu. Jumapili ndio off yangu. Mama anapika mboga ya karanga kule na mimi napika hiyo hiyo huku, simu nimeiegesha kwenye kopo la sukari, tunatwanga pamoja ili mtoto akikua akumbuke kwamba alikuwa anapika na mama yake. Blenda ninayo. Lakini blenda haina mlio ambao yeye anaujua.

Bibi akainuka akaenda chumbani. Nikajua nimemuudhi. Akarudi na taulo nene la zamani, akalikunja mara 4, akaniambia liweke chini ya kinu. Twanga.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya jambo moja ambalo nimelitafuta maneno muda mrefu. Huku tunaulizwa sana habari zetu. Unatoka wapi, kwa nini ulikuja, utarudi lini, familia yako ikoje, kwenu kuna maji? Anakuuliza dereva wa tramu, anakuuliza mgonjwa unayembadilisha shuka. Kuna zile siku za tamaduni pia, wanakualika uje na kitenge usimulie, nimeshasimulia mara nyingi sana mpaka hadithi yangu mwenyewe imekuwa kama ya mtu mwingine. Wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi kweli kabisa, alafu Jumatatu unakutana nao dukani hawakujui. Nilikuwa naumia nikidhani mimi ndio sijui kusimulia. Sio hivyo. Nilikuwa natoa na hakuna anayenirudishia. Nyie mnajua sahani ya jirani hairudi tupu, ukiletewa viazi unarudisha hata ndimu 2. Mtu akichukua habari zako zote na yeye hajakupa hata moja ya kwake, hapo mmefanya mahojiano kama ya ubalozini, na ubalozini hakuna anayejenga urafiki. Yule bibi alitoa kwanza. Alitoa kitu kinachomuuma, bila mimi kuomba, ndio mlango wangu ukafunguka.

Na kutoa kwenyewe hakuanzi na makubwa. Ilianza na chai ya Mufindi.

Wiki iliyofuata nilipanda kwake na maandazi kwenye sahani yake, maana alinipa keki. Siku hiyo ndio nikamwambia ya Kalenga. Nilikuwa naogopa, sitaki kuonekana nakuja kumdai mtu deni la babu zake wakati amenisaidia bili. Lakini nikasema kama tunaaminiana basi na hili liingie. Bibi yangu mzaa mama ni wa Kalenga, pale kilometa kama 15 kutoka mjini. Mkwawa, chifu wetu Wahehe, aliwapiga Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, wao wakarudi na mizinga wakabomoa ngome ya Kalenga 1894, akapigana msituni miaka mingine mpaka Julai 1898 alipojiua asikamatwe. Wakamkata kichwa wakakileta huku. Baada ya vita ya kwanza ya dunia fuvu lake likaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe, na bado halikurudi mpaka Juni 1954, baada ya Twining, gavana wa Waingereza Tanganyika, kwenda kulichagua mwenyewe. Bibi yangu alikuwa binti wa miaka 12, alikuwepo kwenye ule umati wa Kalenga, anasema watu wazima walilia kama msiba umetokea jana.

Na lilikuwa limekaa wapi hilo fuvu? Bremen. Hapa hapa. Kwenye jumba la makumbusho lililo pembeni ya stesheni kuu ambapo mimi nabadilisha tramu kila siku kwenda kazini. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazunguka upande wa pili nisilipite.

Yule bibi wa ghorofa ya 3 hakusema kitu muda mrefu. Alafu akasema amepeleka wanafunzi pale miaka zaidi ya 30 na hakuwahi kujua. Hakujitetea, hakusema ni mambo ya zamani. Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri bila kujua kwamba nalisubiri. Rais wao Steinmeier alipokwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Songea Mbano, chifu wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, nililia, ni kweli, lakini kesho yake kazini hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari. Huyu alinisikiliza mimi, jikoni kwake, na Jumamosi akaniomba twende wote. Tulikwenda taratibu na kigari chake cha kutembelea mpaka kwenye ule tembo mkubwa wa matofali nyuma ya stesheni. Ulijengwa 1932 kusifia makoloni, 1990 ukageuzwa kuwa kumbukumbu ya kupinga ukoloni. Kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Alinishika mkono, na mi nilikuwa nimezoea kuwashika wao.

Sasa msije mkafikiri huku kote ni chai na keki. Kazini kuna mzee anakataa nisimguse, mwaka wa 2 sasa, nimemsimulia, nimemuuliza ya kwake, hataki, na sitamlazimisha tena. Nyumba nyingine niliwahi kuiulizia kwa simu, wakasikia jina wakasema imeshachukuliwa, rafiki yangu Mjerumani akapiga baada ya nusu saa akaambiwa njoo uione. Kuna watu hadithi haiwafikii. Na usimwage maisha yako kwa kila mtu, hata kwa wabongo wenzetu, mi nilimwambia mmoja habari za mtoto wangu zikanirudia kutoka mdomo wa mtu wa Mafinga nisiyemjua.

Kwa wanaokuja, nasema kama dada yenu. Kijerumani cha kufaulia mtihani hakisomi bili, endeleeni kusoma. Kila barua fungua siku hiyo hiyo, weka kwenye faili, usitupe. Hesabu ya hita ikikuja, sheria inakupa miezi 12 ya kuipinga na haki ya kuona risiti zenyewe, na mwenye nyumba naye ana miezi 12 tangu mwaka wa hesabu uishe, akichelewa kwa uzembe wake hadai tena. Ya kwangu walikuwa wameandika nyumba ni mita za mraba 58, mkataba unasema 38. Tuliandika barua na bibi, yeye anatamka mimi naandika, juzi wamejibu, imeshuka hadi 385. Na hita weka namba 3, inatosha, dirisha usiliache limeinama wazi kutwa nzima, zima hita, fungua lote dakika 5, kisha funga. Hayo nimefundishwa na yeye, hakuna ofisi iliyonifundisha.

Mwezi uliopita aliniambia nimwite kwa "wewe" ya watu wa karibu, maana Kijerumani kina "wewe" za aina 2, na hapa ni mkubwa ndiye anaruhusu. Nikamwambia kwetu mkubwa anapewa shikamoo, na sisi wa Iringa tuna kamwene. Shikamoo imemshinda. Kamwene anaipatia kabisa, tunasalimiana ngazini mpaka jirani wa chini anageuka.

Leo Jumapili mtoto ameniuliza kwenye simu, yule bibi wa juu leo haji kukaa? Maana siku hizi anakaa kwenye kiti cha jikoni anatuangalia tukitwanga. Nikamwambia ana mafua. Sahani yake ya maua ya bluu iko hapa kwangu tangu Jumatano, nimeiosha, unga umeisha na maduka yote yamefungwa mpaka kesho. Nina karanga tu nilizokaanga. Ngoja nizitie chumvi nipande nazo zikiwa za moto.