Watu 43, na hakuna aliyeweza kunijibu

Nafundisha hisabati. Mwaka nilipompokea darasani mwanafunzi asiyeona, swali langu la kwanza lilihusu grafu: mtoto asiyeuona ubao atauelewaje mchoro wa parabola, ule mkunjo wenye umbo kama la U? Nikawauliza watu ninaojifunza kwao kila siku, mtandao nilioujenga kwa miaka na kuuamini sana. Wengi walinitakia heri. Jibu halikuja.

Usiku ule nilichukua karatasi nikaandika majina yao yote. Walikuwa 43. Kando ya kila jina nikaandika: mwanamume au mwanamke, anaishi wapi, anafundisha nani, anaandika kwa lugha gani. Haikuchukua muda kugundua kwamba nilikuwa nimekusanya watu wanaofanana nami karibu kwa kila kitu. Sikukusudia kumbagua mtu; nilifuata tu waliofuatwa na rafiki zangu, na mduara ukajifunga wenyewe.

Msaada ulitoka kwa mtu niliyewahi kukutana naye mara moja tu kwenye semina. Yeye ndiye aliyeniunganisha na mwalimu wa hisabati asiyeona. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika jambo la namna hii: kati ya watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Walio karibu nawe wanajua yale yale unayoyajua. Mwalimu yule alinielekeza kubandika uzi kwa gundi juu ya karatasi ngumu ili mkunjo usomwe kwa vidole, akanieleza pia habari za breli ya hisabati, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, iliyobuniwa na Abraham Nemeth, mwanahisabati ambaye naye hakuwa akiona.

Basi nikaanza kuongeza watu: walimu wa vijijini, viziwi, wanaoandika kwa lugha ninazozisoma kwa shida. Nikajiona nimemaliza kazi. Wiki chache baadaye mwalimu yule akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, kila siku unatuma picha ya ubao. Simu yangu inaniambia 'picha', kisha inanyamaza. Umenikaribisha nyumbani, halafu mnazungumza katika chumba kingine."

Maneno yale yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Nikaanza kuieleza kila picha kwa maandishi. Ya kwanza ilikuwa grafu ya y = x² − 4x + 3, na nilihangaika nayo karibu nusu saa: inafunguka kwa juu, inakata mhimili wa x kwenye 1 na 3, inafika chini kabisa kwenye (2, −1), pande zake mbili zimelingana kama mbawa. Ndipo nilipotambua kwamba miaka yote nilikuwa nikinyoosha kidole ubaoni na kusema "mnaona?", nikidhani nimefundisha. Niliyasoma maelezo yale darasani, na waliouliza maswali mengi zaidi walikuwa wale wanaoona. Video nazo nikaziwekea maandishi, na mijadala nikaacha kuipanga saa inayonifaa mimi peke yangu.

Kosa jingine lilichelewa kunifunukia. Kila nilipomwandikia mwalimu yule, nilimuuliza kuhusu kutoona. Siku moja akasema: "Hivi huna swali la hisabati?" Nilikuwa nimemfanya msemaji wa ulemavu, nikasahau kwamba ni mwalimu mwenzangu, tena aliyenizidi uzoefu. Na wale wa vijijini? Nao nilikuwa nikiwauliza shida zao tu.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu nianze kazi: nitamwelezaje mtoto kwamba hasi mara hasi ni chanya, bila kumwambia akariri? Jibu lake lilikuwa la dakika 11. Alianza na 3 mara −2, akaja 2 mara −2, halafu 1, halafu 0, akitaja majibu polepole: −6, −4, −2, 0. Hapo akatulia kidogo, akaniuliza kama anavyowauliza wanafunzi wake: "Sasa hatua inayofuata inatupeleka wapi?"