Makato ya Bangkok na Mazoea ya Mtwara

Wakulima wengi wa korosho hapa Mtwara tulifungua akaunti za benki si kwa kupenda, bali kwa sababu malipo ya minada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani hupitia huko. Kadi niliyosafiri nayo kwenda Thailand ilikuwa ya akaunti hiyohiyo, na mazoea niliyosafiri nayo yalikuwa ya kwa wakala wa simu: mtu hutoa kinachomtosha kwa siku, kwani kukaa na fedha nyingi mfukoni ni kualika wakopaji.

Kwa wakala, makato hupanda kwa ngazi kadiri kiasi kinavyoongezeka, kwa hiyo anayetoa kidogo hukatwa kidogo na wala hashtuki. Nchini Thailand nilikuta utaratibu mwingine kabisa, kwa kuwa mashine za benki nilizozitumia zilimtoza mwenye kadi ya kigeni baht 220 kwa kila muamala, awe ametoa baht 1,000 au 20,000. Mimi, bila kusoma maandishi ya kwenye kioo kwa makini, nilitoa baht 2,000 mara 4 katika siku zangu za mwanzo Bangkok. Ada ilifika baht 880 kwa fedha baht 8,000, yaani asilimia 11, kabla benki yangu haijakata cha kwake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichojaa safari hii hakikuwa changu. Ningetoa zote kwa mara moja, ada isingefika hata asilimia 3.

Tangu siku hiyo nilitoa fedha za wiki nzima kwa mkupuo, nikaacha sehemu kubwa kwenye kabati la kufuli la nyumba ya wageni na kutembea na matumizi ya siku tu.

Upande wa nyumbani nao una makato yake, ambayo kwa kawaida ni ada ya muamala pamoja na asilimia ya kubadilishia fedha. Ni vyema kuyauliza tawini kabla ya kuondoka, na papo hapo kuhakikisha kwamba kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje.

Kuna pia swali ambalo baadhi ya mashine huuliza kwa upole mno: je, ungependa kukatwa kwa fedha ya nchi yako? Anayekubali hubadilishiwa kwa kiwango alichojipangia mwenye mashine, faida yake ikiwa ndani, ilhali anayekataa hupata kiwango cha mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, ambacho aghalabu ni nafuu zaidi. Wengine hukubali wakihofia kwamba kukataa ni kufuta muamala, kumbe fedha hutoka vilevile.

Dola chache za noti safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, nazo zilinisaidia, hasa nilipozibadilisha mjini badala ya uwanja wa ndege. Nilichokosea mwishoni ni kutoa fedha nyingi kupita mahitaji ya siku mbili za mwisho. Noti nilizibadilisha kabla ya kupanda ndege, lakini sarafu hazikupokelewa dukani, na sasa zimo ndani ya kopo la majani ya chai nyumbani kwangu Shangani, ambako wanangu huzitumia kuchezea duka.