Mgongo ulioniuma hadi usiku

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Desemba na Januari ni miezi ya sare za shule, na fundi wa sare hapati usingizi. Kwa hiyo mgongo ulipoanza kuuma kila mtu alikuwa na jibu, mimi wa kwanza: ni kuinama. Zahanati moja wakanichoma sindano ya diklofenaki na kunipa vidonge. Mama mkwe akanichua kwa mafuta ya nazi ya moto. Nafuu ilikuja, ikaondoka.

Ilipofika Aprili sare zilikwisha. Nilikuwa nakaa siku nzima bila kugusa cherehani, na bado mgongo ukazidi, hasa usiku. Nilale chali, nilale ubavu, hakuna raha, na saa nane naamka kanga imelowa jasho. Sketi zangu nilikuwa nimeshazibana kiunoni mara mbili. Mikono hii inapima viuno vya watu kila siku, na sikutilia maanani kwamba changu kinapungua. Linaniuma mpaka leo.

Daktari wa hospitali ya wilaya hakukimbilia kuandika dawa. Aliangusha kalamu sakafuni. "Mama, hebu niokotee." Nikachuchumaa mgongo umekakamaa kama ubao, mkono nimeuegemeza pajani. Akanilaza, akainua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka. Haukuuma. Akasema diski, ile nyama laini kati ya pingili, ikibana mshipa wa fahamu kiunoni, mara nyingi hapo mtu hulalamika. Kisha akagonga kwa ncha za vidole pingili moja baada ya nyingine, kuanzia shingoni. Alipofika pale kifua kinapoishia na kiuno kuanza, nikapiga kelele.

Akauliza: miguu inakufa ganzi? Mkojo unaweza kuuzuia? Usiku unatoka jasho? Hilo la jasho hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikulisema kwa kudhani halina uhusiano na mgongo.

Eksirei ilionyesha pingili mbili zimelika pale zinapokutana. MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili ambacho nilikilipia kwa kuuza mashine yangu ya ovaloki, ikaonyesha usaha pembeni yake. Wakavuta sampuli kwa sindano: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mapafu yalikuwa safi. Sikuwahi kukohoa hata siku moja.

Dawa zenyewe ni bure. Nilimeza miezi 12: aina nne kwa miezi 2, kisha aina mbili kwa miezi 10, pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi. Mkojo ulipogeuka mwekundu nilishtuka, kumbe ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo. Kwa kuwa miguu ilikuwa na nguvu sikupasuliwa, nilivaa mkanda mgumu tu. Wifi yangu alinitengea kikombe. Muuguzi akamketisha, akamweleza kwamba ugonjwa uko kwenye mfupa, siukohoi hewani. Jioni ile alikirudisha kikombe kabatini na vingine.

Mwezi wa tatu maumivu yalikuwa karibu yameisha, na hapo ndipo vidonge vilikuwa vizito kuliko siku zote. Nilivimeza nikiikumbuka ile kalamu sakafuni.

Pingili zimeacha kinundu kidogo mgongoni. Nikijikatia gauni naongeza nusu inchi nyuma. Mshono wa kwanza wa sketi niliufumua mwezi wa tano, wa pili mwezi wa tisa. Sasa mteja akiniambia mgongo unamuuma, naweka futi kamba mezani na kumuuliza analalaje usiku.