Marakuja bila chujio

Mimi ni fundi cherehani, Kadutu, hapa Bukavu. Kazi yangu ni ya kukaa tangu asubuhi mpaka giza. Mwaka jana nilianza kukosa choo siku tatu, hata nne, na kikija ni kigumu, kinauma. Niliona haya kusema, hadi nilipoona damu. Ukiona damu usikae nayo kama nilivyokaa mimi, kwani inaweza kuwa na chanzo ambacho chakula hakikiponyi.

Muuguzi alinipima, kisha akauliza: "Mama, jana ulikula nini?" Chai na mkate mweupe, mchana fufu (ugali) na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, usiku fufu tena. Matunda? Nikamwambia kwetu juisi ya marakuja (pasheni) haikosekani. Akataka kujua kama ninaichuja. Ninaichuja sana, mara mbili, isibaki hata mbegu moja.

Alinieleza kwamba nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Nyingine hunyonya maji zikawa kama uji mzito, zikalainisha choo. Nyingine, za maganda na majani, hukiongezea wingi hata utumbo upate cha kusukuma. Samaki hana nyuzinyuzi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Marakuja iliyoliwa na mbegu zake hutoa gramu 10 hivi katika kila gramu 100, avoka karibu 7, pera 5 hivi. Nanasi, pamoja na nyuzi zake zote za kunasa kwenye meno, halifiki 2! Mimi ningeapa ndilo la kwanza.

Nilirudi nyumbani na pupa. Maharagwe mchana na usiku, lengalenga (mchicha) sahani nzima, avoka mbili. Siku ya nne tumbo limejaa gesi, limekaza kama ngoma, na choo kimezidi ugumu. Kosa langu kubwa lilikuwa maji. Mtaani kwetu bomba hukauka siku nyingi, tunapanga mabidoni, na mimi nilizoea kubana hata maji ya kunywa ili watoto waoge. Nyuzinyuzi zisizopata maji huziba. Tena bakteria wa utumbo mpana, wanaozichachusha, wanahitaji muda wa kuzizoea.

Nikaanza upya, polepole. Wiki ya kwanza nusu avoka tu na maji. Wiki ya pili nikaongeza lengalenga kidogo jioni. Ya tatu, maharagwe mara moja kwa siku. Mama mkwe alisema sombe (majani ya muhogo) iliyokaa sana motoni imekwisha nguvu. Kweli vitamini C hupungua, lakini nyuzinyuzi zinastahimili moto, na sombe lazima iive sana ili sumu yake itoke. Kwa hiyo sombe yetu ilibaki vilevile, nikapunguza tonge la fufu na kuongeza mboga.

Marakuja sasa ninaikata katikati na kuila kwa kijiko, mbegu na vyote. Wanangu walizikataa mbegu, nikawapondea pamoja na ndizi, wakala.

Wiki ya sita nilikuwa napata choo karibu kila siku, bila maumivu, na damu sijaiona tena. Chupa ya lita moja na nusu inakaa karibu na cherehani, na kabla sijafunga kazi huwa imekwisha. Chujio limebaki la chai.