Michael Coleman, na kaka yake ambaye hakurekodiwa

Mpiga fidla ninayemsikiliza kuliko wote si Mmisri wala si mtu wa hapa Unguja. Ni Michael Coleman wa Killavil, kusini mwa Sligo, magharibi mwa Ireland, aliyezaliwa tarehe 31 Januari 1891. Wenzangu katika kikundi cha taarab hunishangaa. Sisi tumelelewa na fidla ya Cairo, ile inayolia taratibu mpaka msikilizaji mwenyewe aseme "Allah!" Huyu bwana anakimbia, maana nyimbo zake ni za kuchezewa dansi. Lakini katika mbio zote hizo hakuna sauti inayomponyoka. Kila moja anajua anaitaka ikae wapi. Hilo ndilo ninalolitafuta mimi kwa upinde wangu.

Alikuwa kitinda mimba. Baba yake, James, alipiga filimbi, na nyumba yao ilikuwa kama baraza ya wanamuziki wa pale kijijini na hata wapita njia. Mtoto alikua akisikia wakubwa wakipiga usiku, akajifunza fidla na kucheza dansi pamoja, na ukimsikiliza vizuri utaisikia miguu ndani ya upinde. Mwaka 1909 na 1910 alishindana katika tamasha la muziki la Sligo, na mara zote mbili akaambulia nafasi ya tatu, tena kwa kugawana na mwenzake.

Nyumbani humo alikuwamo kaka yake, Jim, naye mpiga fidla. Walioishi jirani nao na kuwasikia wote wawili, wengi walisema Jim ndiye fundi zaidi. Hatutajua. Michael tunaye kwenye sahani za santuri. Jim hakurekodiwa hata wimbo mmoja.

Oktoba 1914 Michael alisafiri kwenda Marekani. Alifikia kwa shangazi yake Lowell, Massachusetts, akazunguka na maonyesho ya majukwaani, na mwaka 1917 akaweka makazi New York, ambako alimuoa Marie Fanning, wakapata binti mmoja, Mary. Alifika mahali pake kwa wakati wake. Mwaka uliotangulia, 1916, mama mmoja mwenye duka mjini humo, Ellen O'Byrne DeWitt, alikuwa ameiendea kampuni ya Columbia na kuiambia irekodi muziki wa Ireland, naye atanunua sahani 500. Zilirekodiwa za kodiani na banjo, na zote zikaisha. Kampuni zikatanabahi kwamba wahamiaji wana pesa na wana hamu ya kwao. Mimi huyu mama namheshimu sana, kwa sababu bila yeye kusimama kidete pengine Coleman angebaki mpiga fidla wa kumbi za dansi tu, akasahaulika na waliomchezea.

Alianza kurekodi mwaka 1921 na akaendelea hadi 1936, kwa kampuni nyingi tofauti, jumla ya nyuso kama 80 za sahani. Miaka ya mwanzo hapakuwa na maikrofoni. Mwanamuziki alilielekea pembe kubwa la kunasa sauti na kulipigia kwa nguvu. Uso mmoja ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo wapigaji walizoea kuunganisha nyimbo mbili au tatu fupi zikajaza nafasi. Mwaka 1934, kwa kampuni ya Decca, Coleman aliunganisha "The Tarbolton", "The Longford Collector" na "The Sailor's Bonnet". Mpaka leo, wapiga muziki wa Ireland wakikaa pamoja popote na mmoja akaanzisha ya kwanza, wengine wanajua ni ipi inayofuata na ipi inayofunga. Mpangilio uliokidhi haja ya kipande cha sahani ukawa desturi ya muziki mzima.

Nataka niseme kuhusu mkono wake. Kuna pambo moja ambalo nimelihangaikia sana. Sauti moja anaigeuza tano: yenyewe, ya juu yake, yenyewe tena, ya chini yake, kisha yenyewe, zote ndani ya mvuto mmoja wa upinde. Siri yake ni kwamba kidole cha juu hakikandamizi uzi. Kinaugonga na kuondoka hapo hapo, kiasi kwamba unachosikia ni mdundo kuliko sauti. Ukikandamiza, pambo linakuwa zito na wimbo unajikwaa. Tena hapigi kipande mara mbili kwa namna ile ile. Kikirudi, atakuwa amehamisha pambo, au upinde umeanza mvuto mahali ambapo hukutegemea, na wimbo ni ule ule.

Kinachoniuma katika sahani hizo ni piano. Nyingi kati yake aliyewekwa kumfuatisha ni mtu asiyeujua wimbo, na utamsikia akibahatisha, sauti anazozibonyeza kwa pamoja zinagongana na fidla, huku Coleman akisonga mbele bila kuyumba. Fundi wa kiwango kile alistahili mwenzake.

Sahani zilivuka bahari kurudi Ireland ndani ya vifurushi vya jamaa, na hapo ndipo ninapopata shida na furaha kwa pamoja. Vijana wa mikoa ya mbali na Sligo walikaa mbele ya gramafoni wakanakili kila sauti. Muziki uliokuwa ukidharauliwa kuwa wa watu wa shamba ukapata heshima. Lakini namna za kupiga za huko kwao, walizorithi kwa wazee, zilianza kuonekana duni, na nyingine zikafifia. Sisi wa mwambao tunalielewa jambo hili. Siti binti Saad na wenzake walipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sahani zao ndizo zilizotufundisha taarab ya zama zile. Namshukuru Mungu kwa kila moja. Nawafikiria pia waliopiga wakati ule ule na hakuna aliyewalipia nauli.

Mdororo wa uchumi baada ya 1929 uliziangusha kampuni za santuri, na Coleman akarekodi kwa nadra. Alifariki New York tarehe 4 Januari 1945, akiwa na miaka 53, akazikwa Bronx. Mwaka 1974 alijengewa mnara karibu na alipozaliwa, na maandishi yake yanamwita mwokozi wa muziki wa jadi wa Ireland. Nimefurahi kwamba yanawataja pia wanamuziki wa kizazi kilichomtangulia pale pale, waliomlea. Jim nami namhesabu humo.

Kwa atakayetaka kuanza: tafuta ile ya 1934. Usiifuatishe kwa fidla mara ya kwanza. Gonga mguu tu mpaka upate pigo lake. Ukishamzoea, msikilize James Morrison, wa Sligo vile vile, aliyekuwa New York miaka hiyo hiyo. Upinde wake ni mwepesi zaidi, na mpaka sasa mimi na mwalimu wangu tunabishana nani kati yao ni mkubwa. Mimi niko na Coleman.