Nilivyojifunza kuusikiliza muziki wa kale kwa sikio moja

Nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester, Uingereza. Usiku wenyewe ni mrefu: kuwageuza wasioweza kujigeuza, kubadilisha shuka, kukunja nguo, kisha kukaa kimya ukisubiri kengele ilie. Nilinunua redio ndogo ya mfukoni inisaidie kukesha. Siku moja nikitafuta habari nikaangukia BBC Radio 3, stesheni ya muziki wa klasiki, pale kati ya 90 na 93 FM. Kuanzia saa sita u nusu usiku wana kipindi kiitwacho Through the Night. Mtangazaji wake huongea kidogo tu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Okestra kubwa za karne ya 19 zilinipita. Kilichonikamata ni hapsikodi. Kwa sura ni kinanda, ila ndani hakina nyundo. Ukibonyeza, kijiti chembamba kinapanda, na kucha yake, ambayo zamani ilichongwa kwenye nyoya la ndege, inaudonoa uzi. Mimi mtoto wa Unguja. Ami yangu alipiga udi kwenye klabu ya taarab, na sauti ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi za kudonoa, naijua tangu sijui kusoma. Usiku ule nilisimama na shuka mkononi nikasema: hii si kanuni hii?

Lakini kupenda sauti ni jambo moja, kuufuata muziki ni jingine. Dakika tano tu nilikuwa nimeshapotea.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa sikio. Kazini huruhusiwi kuziba masikio yote mawili, lazima usikie kengele, kwa hiyo nilivaa kipokea sauti kimoja. Usiku mmoja wakapiga sonata, yaani kipande cha vyombo bila waimbaji, ya mtunzi Mtaliano Giovanni Gabrieli, iliyochapishwa Venice mwaka 1597, ambamo makundi mawili ya vyombo yanajibizana. Kundi moja nililisikia vizuri, la pili likawa kama liko nje ya nyumba. Nilikuwa nasikia swali, jibu silipati. Nilihangaika wiki nzima kabla sijagundua swichi ndogo ubavuni mwa redio, ya kutoka sterio kwenda mono. Nikaibonyeza, pande zote mbili zikaja kwenye sikio moja, na ule mvumo wa mawimbi dhaifu nao ukapungua sana. Kama na wewe unasikilizia sikio moja, anza hapo.

Cha pili, niliacha kukimbiza sauti za juu. Nilijilazimisha kufuata besi, ile sauti ya chini kabisa, peke yake, kama unavyofuata miguu ya mtu gizani. Baadaye ndipo nikajua kwa nini inasaidia: katika muziki wa Baroki, yaani wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, mpiga kinanda mara nyingi aliandikiwa besi tu, na juu yake tarakimu za kumwonyesha sauti za kuongeza. Mengine alijaza mwenyewe, papo hapo. Besi ndiyo nguzo ya nyumba, wengine wote wanaezeka juu yake. Nilipoishika, hata Bach, mtunzi Mjerumani wa enzi hizo, alinyooka.

Nilianza pia kuweka daftari mfukoni mwa aproni. Naandika saa tu, "9:40, kinanda, huzuni", kisha asubuhi natafuta jina kwenye orodha ya kipindi. Jina hilo nalisikiliza wiki nzima, silichanganyi na lingine.

Hivyo ndivyo nilivyompata mtunzi Louis Couperin, aliyefariki Paris mwaka 1661. Ana utangulizi wa hapsikodi alioandika bila mapigo: noti zote nyeupe, za umbo moja, zimeunganishwa kwa mistari mirefu iliyopinda, na ni juu ya mpigaji kuamua wapi akae na wapi apite haraka. Nilikuwa nakunja taulo. Niliacha. Vidole vilikuwa vinapapasa, vinarudi, vinauliza tena, vile vile ami alivyokuwa akifanya kabla ya waimbaji kuingia.

Nikamtumia ami utangulizi huo kwa WhatsApp, na jioni nikampigia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nimesikiliza ule muziki wako. Yule bwana anapiga taksimu." Ndivyo tunavyouita ule upapasaji wa udi kabla ya wimbo.

"Mfaransa yule, ami. Wa zaidi ya miaka mia tatu."

"Sikukuuliza wa wapi. Nakwambia anapiga taksimu. Nitumie mwingine."

Nimemtumia maombolezo ya hapsikodi ya mtunzi Mjerumani Froberger kwa rafiki yake Blancrocher, mpiga luti wa Paris aliyefariki mwaka 1652 baada ya kuanguka ngazi. Luti asili yake ni udi, hata jina lake limetoka huko. Mwishoni mkono unashuka noti kwa noti mpaka chini kabisa ya kinanda, na hapo muziki unakatika. Sikumweleza kisa chake. Nataka asikie kwanza, kisha aniambie mwenyewe kimetokea nini.